Redio Iliyozimwa Homa Bay na Funzo Lake

Kwa miaka mingi redio ya Kenya ilikuwa na mdomo mmoja. Sauti ya Kenya ilinena kutoka Nairobi kwa masafa ya kati, na wajibu wa raia, awe Lamu au Turkana, ulikuwa kusikiliza na kunyamaza.

Mnamo Mei 1982, kwa msaada wa UNESCO, redio ndogo ya FM ilifunguliwa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria. Mtambo wake ulikuwa wa wati 10 tu. Ilitangaza kwa Kijaluo, na watu wa huko wakasikia mambo yao kwa lugha yao.

Haikudumu. Juni mwaka uo huo, Kifungu cha 2A kiliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Agosti mosi, wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali, wakaiteka Sauti ya Kenya na kutangaza ushindi ambao haukufika jioni. Mwaka 1984 serikali ikaifunga redio ya Homa Bay. Tuulize: wati 10 zingeiangusha dola gani?

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, lakini mawimbi hayakufunguliwa pamoja nacho. Upinzani uliingia katika uchaguzi wa 1992 huku redio pekee nchini ikiuimbia sifa chama tawala. Redio binafsi ya kwanza ilianza 1996, na redio ya jamii ya Mang'elete ikasikika 2004, miaka 20 baada ya Homa Bay kunyamazishwa.

Wako wanaosema kwamba redio za lugha za mama ni hatari, nao hutaja chuki iliyoenezwa hewani wakati wa ghasia za 2007 na 2008. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuipuuzi. Lakini mchochezi ana jina, na mahakama zipo. Ashtakiwe yeye, kijiji kizima kisizibwe mdomo kwa kosa lake.

Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinaikataza serikali kuingilia utangazaji. Hata hivyo, Januari 2018 vituo vya televisheni vilizimwa kwa siku kadhaa, hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru virudishwe. Tarehe 25 Juni 2025, matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yalikatwa, hadi mahakama ilipoingilia kati.

Basi, funzo la Homa Bay lingali bichi. Wingi wa vituo si uhuru, ikiwa swichi ya kuvizima vyote imo mkononi mwa mtawala mmoja. Tunadai kituo chochote kisizimwe bila amri ya hakimu iliyotolewa mbele ya umma. Tusipolipata hilo, tutakuwa tumeazimwa sauti zetu tu, na cha kuazima hakisitiri matako.