Gutiere ya depo haingojei mradi



Kuko neno moja ambalo ninalisikia karibu kila koperative ninayofika kisha mvua kubwa: "Agronomu, depo inavuja, mutusaidie na tole mpya." Kabla hata hatujaangalia, barua kwa mufadhili imekwisha kuandikwa na devi ya fundi iko juu ya meza. Mimi ninaomba kwanza ngazi. Na mara nyingi, tukipanda, tunakuta tole ni nzima. Kinacholeta maji ndani ni gutiere iliyojaa majani ya avoka na ya grevilea, udongo, kiota cha ndege, mara ingine hata majani mabichi yameota mule. Maji yanakosa njia, yanafurika upande wa nyuma na kushuka ndani ya ukuta.

Wazo langu ni hili, na ninajua si wote watalipenda: kusafisha gutiere na tiyo yake ya kushuka si kazi ya mradi, na si kazi ya kulipia fundi. Ni kazi ya wanamemba, sawa vile kupalilia shamba la koperative. Hakuna mutu anayeandika barua Goma ao Bukavu kuomba waje kumupalilia maharagwe.

Wengine watasema ni jambo dogo. Tuhesabu basi. Mahindi yanayotunzwa depo yanapaswa kuwa na unyevu usiopita 13 kwa 100. Kahawa ya parche inapaswa kubaki karibu 11 ao 12. Ukuta wa matofali ya udongo ukinywa maji juma moja, mifuko iliyouegemea inarudisha unyevu huo wote. Kisha inakuja ukungu, na katika mahindi ukungu unaweza kuleta sumu ya aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupika wala kwa kuanika tena juani. Kwa kahawa, muuzaji ananusa mukono moja tu ya parche na anakataa loti nzima. Hapo haipotei kahawa ya yule mwenye mifuko ya ukutani peke yake. Inapotea kahawa ya wote.

Na kuko maji yenyewe. Mvua ya milimetre moja juu ya metre moja ya karé inatoa lita moja. Depo yenye paa ya metre 8 kwa 6 iko na metre 48 za karé. Mvua ya milimetre 20, ambayo kwetu Kivu si ya kushangaza, inatoa lita 960. Tutoe moja ya tano inayoruka na kukauka, inabaki karibu lita 770. Ni bidoni 38 za lita 20, kwa mvua ya mangaribi moja. Mama na mabinti wanaopanda mulima na bidoni mugongoni wanajua 38 maana yake nini. Gutiere ikiziba, maji hayo hayaingii siterne. Yanamwagika chini ya musingi.

Namna ya kufanya si siri. Muchague siku kavu, asubuhi, tole haijakuwa moto. Ngazi isimame juu ya udongo mugumu. Kwa kila metre 4 za urefu, miguu yake ikae metre moja mbali na ukuta, na mutu wa pili aishike chini wakati wote. Ngazi isiegemee gutiere, iegemee ukuta ao mbao ya paa. Kama kuna waya wa umeme karibu, musipande upande ule. Anayepanda asivuke juu ya tole ikiwa si lazima: tole ya zamani inakatika, na kuanguka kwa metre 3 kunaweza kuvunja mugongo. Avae gans, ao afunge mikono na saché nzito, kwa sababu misumari na kingo za tole zinakata.

Kwanza muzibe na kitambaa tundu la tiyo. Watu wengi wanalisahau hili, na takataka zote wanazisukuma ndani ya tiyo. Kisha mukate bidoni ya mafuta ya lita 5 kwa mushazari, inakuwa kijiko kizuri cha kukwangua. Takataka ziingie ndani ya ndoo yenye kamba, zisitupwe ukutani. (Muzipeleke kwenye shimo ya mboleo. Majani yaliyooza vile ni mali.) Mukimaliza, mutoe kitambaa na kumwaga ndoo moja ya maji upande ulio mbali na tiyo. Maji yakisimama katikati, gutiere imelegea: inapaswa kushuka karibu santimetre 1 kwa kila metre 2. Mara nyingi inatosha kukaza waya moja. Tiyo isipotoa maji, musukume na muti wa mwanzi kuanzia chini, maana takataka zinakwama kwenye kona. Kona ikikataa, muifungue, muisafishe, muirudishe.

Fundi abaki na kazi yake: kushona tundu, kubadilisha mbao zilizooza, kuweka gutiere mpya. Hiyo ni haki yake na tumulipe vizuri. Lakini kumulipa kwa kutoa majani ni kutupa franka za wanamemba.

Kwa wale wa Nyiragongo, Rusayo na Sake niongeze neno. Moshi wa volkano unaangusha majivu juu ya tole, na mvua ya pale inaweza kuwa na fluori nyingi, ile inayochafua meno ya watoto. Kusafisha gutiere kunatoa majivu, hakutoi fluori, na kuchemsha hakuitoi pia. Maji ya siterne pale yatumiwe kwa kufua na kuosha depo. Ya kunywa yatafutwe kwenye robine. Mahali pengine pote, mvua ya kwanza ioshe paa na imwagwe. Kwa depo ile ya metre 48, bidoni mbili za kwanza zisiingie siterne, na hata kisha pale, maji ya kunywa yachemshwe ao yatiwe dawa.

Sasa, nani apande? Hapo ndipo koperative nyingi zinalala. Komite inasema "vijana watafanya", vijana wanangoja komite. Ningependa kuona majina mawili yameandikwa ndani ya kaye ya depo, na tarehe. Mara ya kwanza mwisho wa mwezi wa 8, mbele mvua za sezoni A hazijashuka. Mara ya pili mwezi wa 2. Mahali miti inafunika paa, kila mwezi, ao mukate matawi. Majina hayo yasiwe ya walinzi tu. Na ufunguo wa siterne usikae kwa prezida anayeishi kilometre 3, wakati wamama wanaochota maji wako hapa.

Sisi wa miradi nasi tuko na sehemu yetu. Mara nyingi tunaleta siterne ya lita 5000 na bango lenye rangi, na ngazi hatuleti. Ngazi ya mbao inatengenezwa kijijini kwa siku moja. Ningetaka kila protokole ya kutoa siterne iiandike, pamoja na majina yale mawili.

Jambo moja bado, na ni la ujirani. Muangalie maji ya tiyo yanapofika chini, na yale ya siterne ikijaa. Tunafundisha kuchimba mitaro na kupanda setaria juu ya mulima, lakini paa ya depo yetu inachimba korongo katika shamba la muhogo la jirani. Muchimbe shimo ya metre moja kila upande, muijaze mawe, kisha mutaro wa kufuata usawa wa mulima na setaria pembeni. Jirani aitwe siku ile ya kuchimba, aonyeshe mwenyewe maji yapite wapi.