Jeni si jini

Kuna maneno mafupi ambayo hapa Mugunga yamevunja nyumba nyingi: «Kwetu bugonjwa ya vile haiko.» Yanasemwa siku mtoto anaandikwa SS. Mara nyingi mtoto huyo alizaliwa vizuri, mzito, mwenye kucheka. Akifika miezi sita ao saba, vidole vya mikono na miguu vinavimba, macho yanageuka manjano, usiku analia na hakuna anayejua fasi inayomuuma. Kwenye sentre ya afya wanamuongeza damu, anapata nguvu, kiisha inaanza tena. Munganga anaomba kipimo, karatasi inatoka labo, na jamaa ya bwana inaitisha kikao. Baba yuko Rubaya, kwenye shimo. Jioni anapopanda kutafuta rezo ili asikie habari za nyumbani, hukumu imekwisha kutolewa: ugonjwa uliingia na huyu mwanamke. Mmoja anasema karuho, mwingine ulozi, mwingine jini la ukoo wa mama. Mama anafunga vitenge vyake na kurudi kwao, mtoto mgongoni.

Sisi jamaa za wachimbaji tunayajua maneno hayo, sababu yanasemwa ndani ya nyumba zetu wenyewe. Leo tunataka kuyajibu. Jibu letu ni moja tu: ugonjwa wa SS hautoki kwa mama peke yake. Haiwezekani. Unaomba watu wawili, na wa pili ni baba.

Tuanze na neno lenyewe. Waganga wanasema SS ni ugonjwa wa jeni. Jeni, si jini. Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya mwili, dogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona, na linaambia mwili namna ya kutengeneza kitu fulani: rangi ya ngozi, urefu, aina ya damu. Kila agizo tunalo mara mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Njo maana mtoto anaweza kuwa na pua ya babake na kicheko cha mamake.

Kati ya maagizo hayo, kuna moja linaloambia mwili namna ya kutengeneza hemoglobini, ile kitu nyekundu inayobeba hewa ndani ya damu. Agizo zuri linaitwa A. Lakini kuna lingine ambalo herufi moja tu imebadilika: hilo linaitwa S. Mtu mwenye S mbili, chembe zake nyekundu zinapokosa hewa zinakauka na kujikunja kama mundu wa kukatia majani. Munganga James Herrick aliziandika hivyo kule Chicago, Marekani, mwaka wa 1910, kisha kuzitazama katika damu ya kijana mmoja aliyetoka kisiwa cha Grenada. Chembe nzuri inaishi siku 120 hivi. Ile ya mundu inaishi siku 10 mpaka 20 tu. Njo maana damu inapunguka kila mara. Na kwa kuwa chembe hizo zinakwama ndani ya mishipa midogo, zinazuia damu kupita, na hapo maumivu yanaanza.

Na kwa nini mtoto alizaliwa mzima? Tumboni mwa mama, mtoto ana hemoglobini ya aina nyingine, ambayo haijikunji. Inaendelea kumlinda miezi ya kwanza, kisha inapunguka polepole na ile ya S inachukua nafasi yake. Hivi mtu anayesema «mutoto alikuwa muzuri, kuko mutu alimufanyia kitu» ameona kweli mabadiliko, lakini amekosea sababu. Hakuna jirani aliyepita na karuho. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuandikwa tangu siku ya kwanza ya mimba.

Sasa hesabu, na wachimbaji wataifahamu haraka. Tuseme baba ana mufuko wenye mawe mawili: moja zuri, A, na moja baya, S. Mama naye ana mufuko wa namna ile ile. Watu hawa wanaitwa AS. Hawaumwi, wanafanya kazi, wanazaa, wengi wanazeeka bila kujua. Kila mimba inapoingia, mkono unaingizwa gizani katika kila mufuko na kutoa jiwe moja moja. Katika nafasi nne, moja inatoa A na A: mtoto hana kitu. Mbili zinatoa A na S: mtoto ni kama wazazi wake. Moja inatoa S na S: njo huyo anayelia usiku. Ili S mbili zikutane, lazima moja itoke mufuko wa baba. Jamaa inayosema «kwetu haiko» inasahau kwamba jiwe la AS linaweza kutembea vizazi na vizazi bila kuuguza mtu, mpaka siku linapokutana na mwenzake.

Tena, mimba haikumbuki mimba iliyopita. Wako wanaosema: «Tulishazaa mumoja wa SS, sasa batatu benye kufuata batakuwa bazima.» Hapana. Kila mara mawe yanarudishwa katika mifuko, na nafasi ni ile ile, moja kwa nne. Kuna nyumba zenye watoto watano na hakuna SS hata mmoja. Kuna nyingine zenye wawili na wote ni SS. Si laana kwa mmoja wala baraka kwa mwingine.

Watu hawa wa AS si wachache katika inchi yetu. Mjini Kinshasa walipima watoto wachanga zaidi ya 31 000, na matokeo yalitangazwa mwaka wa 2009: karibu 17 katika kila watoto 100 walikuwa AS, na karibu 14 katika kila 1 000 walikuwa SS. Hiyo haiwezi kuitwa aibu ya ukoo mmoja.

Hapa tunafika kwenye neno baya zaidi, lile linalosema SS ni ugonjwa wa kabila fulani. Katika mtaa kama wetu neno hilo ni moto karibu na petroli. Mugunga iko kwenye barabara ya Sake. Watu wamefika hapa kutoka Masisi, Rutshuru, Walikale na mbali zaidi, wengine kwa kutafuta kazi, wengi kwa kukimbia vita. Kwenye karyeri ni vile vile: vijana wa kila upande wanachimba pamoja, wanapendana na wasichana wa kila upande, wanazaa. Tukianza kusema damu ya wale ni mbaya, tumepata sababu mpya ya kuchukiana, na zile za zamani bado hazijatuisha.

Ukweli ni kwamba S haifuati kabila, ilifuata mbu. Mwaka wa 1954 munganga Anthony Allison, aliyekomalia Kenya, alionyesha jambo hilo hapa hapa Afrika ya Mashariki. Kwenye pwani ya Kenya na kando ya ziwa Victoria, fasi malaria ni nyingi, alikuta watu wenye AS kupita 20 katika 100. Kwenye milima ya baridi na fasi kavu, hawakufika hata 1 katika 100. Sababu ni hii: mtoto wa AS malaria ikimpata haimuangushi kwa urahisi kama mwenzake. Kwa miaka maelfu, mahali penye mbu, watoto wa AS walipona wengi zaidi, wakakua, wakazaa, na S ikaenea. Jiwe hilo tunaloliita baya liliokoa babu zetu. Ubaya wake unakuja tu zinapokuwa mbili.

Basi mtu ambaye babu zake waliishi pori la joto upande wa Walikale anaweza kuwa na nafasi kubwa ya kubeba S kuliko yule ambaye babu zake waliishi milima ya Masisi. Lakini jamaa zimehama na kuoana tangu zamani, na uso wa mtu hauonyeshi kitu. Damu haisemi kabila. Kipimo tu njo kinasema.

Na kipimo chenyewe tukijue vizuri, sababu watu wengi wanarudi nyumbani wakifikiri wamepimwa kumbe hapana. O+ ao B+ ni grupu ya damu. Haisemi kitu juu ya SS. Kipimo kinachoitwa Emmel kinaonyesha kwamba chembe zinaweza kujikunja, lakini hakitenganishi vizuri AS na SS. Kinachotenganisha ni elektroforezi ya hemoglobini. Na siku hizi kuna pia vipimo vya haraka vya tone moja la damu. Ukifika labo, sema wazi: «Ninataka kujua kama niko AA, AS ao SS.» Unapima mara moja tu katika maisha, na karatasi unaitunza kama karte ya uchaguzi.

Kuna wanaotaka tuende mbali zaidi: AS na AS wakatazwe kuoana. Tunafahamu uchungu unaowasemesha, lakini hatukubaliane nao. Sheria ya namna hiyo itafanya watu wafiche karatasi zao, na msichana njo atalipa kwanza. Sisi tunaomba watu wajue mbele ya mahari, halafu wachague wenyewe. Wengine wataachana, wengine watakubali wakijua kinachowangoja. Wote watakuwa wamechagua wakiwa na mwangaza, na hakuna atakayetupiwa mtoto kama kosa.

Wengine watatuambia: «Feza ya chakula yenyewe inakosekana, munatuletea habari ya labo?» Ni neno la kweli. Lakini mtoto wa SS ambaye hakujulikana anakula feza mara mia: damu ya kuongeza, moto wa kwenda hospitali usiku, siku ambazo mama hauzi sokoni. Yule aliyejulikana mapema anasaidiwa na vitu vya bei ndogo: penisilini mpaka miaka mitano, asidi foliki, chanjo zote, chandarua, maji mengi ya kunywa, na nguo nzito katika baridi hii ya Goma. Akipata homa, haingoji kesho. Ni hospitali siku ile ile.

Iko pia dawa ya hidroksiurea, inayofuatwa na munganga kwa kupima damu kila mara. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika inchi nne: Angola, Kenya, Uganda na hii yetu, kule Kinshasa. Ripoti iliyotoka mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba maumivu yalipunguka, kuongezwa damu kulipunguka, malaria ilipunguka, na vifo vilipunguka. Watoto hao ni kama wetu, chini ya mbu wale wale. Mwisho wa mwaka wa 2023, Uingereza na Marekani ziliruhusu pia matibabu yanayoitwa Casgevy, yanayorekebisha jeni katika chembe za mgonjwa ili mwili urudie kutengeneza hemoglobini ile ya utoto. Kule Marekani bei yake ilitangazwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Hatuombi hiyo leo. Tunaomba penisilini isikosekane, na hidroksiurea ifike Goma kwa bei ambayo mke wa mchimbaji anaweza kulipa.

Kwa wachimbaji wenyewe, maneno mawili. Kijana wa SS asishuke shimoni: kule chini hewa ni kidogo, maji ni baridi, kazi ni ya nguvu, na hizo zote njo zinaamsha ugonjwa. Jamaa imtafutie masomo ao kazi nyingine, hata kama ndugu zake wote wanachimba. Yule wa AS anaweza kufanya kazi, lakini anywe maji na apumzike, sababu kazi ya kupita kiasi bila maji imewahi kuangusha hata watu wa AS.

Kila mwaka tarehe 19 Juni ni siku ya dunia ya ugonjwa huu. Isiwe siku ya hotuba na tisheti tu. Serikali ilete vipimo vya tone moja kwenye sentre za afya na kule kwenye karyeri, fasi vijana wako. Kooperative za wachimbaji na negosia wanaonunua mali yetu wachange kitu kwa kazi hiyo. Mali inapita hapa kila siku ndani ya magari, haiwezekani ikose kuacha hata kipimo kimoja. Wachungaji na mapadri, wakati wa kufundisha wachumba, waulize karatasi za wote wawili, kijana na msichana.

Na ninyi wazazi, wajomba, mama wakwe: siku mtakaa kikao juu ya mtoto wa SS, karatasi mbili ziwe mezani, ya mama na ya baba. Kama baba hajapimwa, kikao kingoje ashuke kutoka Rubaya.