Kifaa Nafuu, Sikio Lililofunzwa

Waswahili husema rahisi ghali. Hata hivyo, katika kununua kifaa cha kulinganishia nyuzi za gitaa shuleni, naona methali hiyo haishiki.

Darasani hapakosi makelele. Kifaa kinachotegemea maikrofoni hubabaishwa na milio ya magitaa mengine, ilhali kile kidogo kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa huhisi mtetemo wa mbao yenyewe. Hicho, japo cha bei nafuu, ndicho kifaacho. Mwalimu ahakikishe tu kwamba kinatambua noti zote 12, na kimewekwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo cha kimataifa cha noti ya A. Kikisogezwa hadi 445, gitaa hilo halitapatana na wenzake.

Lakini kifaa kisichukue nafasi ya sikio. Nashauri mwanafunzi alinganishe uzi wa tano kwa kifaa, kisha zilizosalia azipatanishe kwa kusikiliza. Betri huisha katikati ya tamasha. Sikio lililofunzwa halimtupi mwenyewe. Fedha zitakazookolewa zinunue nyuzi mpya, kwani uzi uliochakaa hauponywi na kifaa chochote.