Kila A Ionyeshe Imepatikana Kati ya Wangapi

Ripoti ya Chuo Kikuu cha Harvard ya Oktoba 2025 ilieleza kuwa takribani asilimia 60 ya alama za wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni A. Miongo miwili iliyopita zilikuwa kama robo tu. Uingereza nako, shahada za daraja la kwanza zilizidi maradufu kati ya 2011 na 2021. Anayeumizwa zaidi na mfumuko huu wa alama ni yule asiye na kingine cha kumtetea ila matokeo yake. Waombaji wote wanapokuwa na A, mwajiri hutazama jina la chuo, au anayefahamiana na nani, na mtoto wa maskini aliyejituma hubaki nyuma. Mhitimu wa Dar es Salaam mwenye GPA ya 3.8 kati ya 5 amepata daraja la pili la juu, lakini akiomba masomo ya uzamili ughaibuni anaweza kuonekana dhaifu mbele ya mtu aliyetoka mahali ambapo A hutolewa kwa wingi.

Wapo wanaosema wanafunzi wa sasa ni bora kuliko wa zamani. Huenda kuna ukweli, lakini hata darasa la wanafunzi hodari lina tofauti ndani yake, na kazi ya alama ni kuzionyesha. Wengine wanataka A ziwekewe kikomo. Chuo Kikuu cha Princeton kilijaribu mwaka 2004, kikalenga A zisizidi asilimia 35, kisha kikaacha mwaka 2014, kwa kuwa wanafunzi waliona wanapunjwa huku vyuo vingine vikiendelea kugawa. Chuo kimoja hakiwezi kubeba mzigo huu peke yake.

Njia ya haki ni kuiacha alama ilivyo na kuandika kando yake, kwenye transkripti, idadi ya wanafunzi wa somo hilo na alama ya kati waliyopata. Chuo cha Dartmouth kimefanya hivyo tangu miaka ya 1990. Kuna pingamizi: Chuo Kikuu cha Cornell kilipotangaza alama za kati mtandaoni, wanafunzi walikimbilia masomo yenye alama za bwerere. Ni kweli, lakini hapo taarifa ilimfikia mchagua somo bila kumfikia msomaji wa transkripti. Mwajiri akiiona A kwenye somo ambalo karibu kila mtu alipata A, faida ya kukimbilia wepesi inakwisha. Vyuo vyetu vianze sasa, kwa sababu takwimu hizo tayari vinazo.