HERI KUNGOJA KULIKO KUPOTEZA

Wanafunzi wenzangu, muhula huu yamekuwapo maneno mengi juu ya chumba chetu cha kompyuta. Wengi wanalalamika kwamba seva ikizimika, au waya wa mtandao ukilegea, kompyuta zote hukwama, na kipindi cha dakika 40 huisha bure. Wengine wametaka mpangilio ubadilishwe ili kompyuta ziache kungoja. Nami naomba nafasi nitoe shauri langu, nalo ni kinyume cha hilo.

Kwanza yafaa tujue jambo lenyewe lilivyo. Kazi zetu hazikai ndani ya kompyuta tunazozitumia. Zote zimo katika diski ya seva, nasi huzifikia kwa njia iitwayo NFS, ambayo kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliitengeneza mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta za Unix. Seva huandikiwa katika faili la /etc/exports ni saraka gani itolewe, na kwa kompyuta zipi. Kila kompyuta nayo huandikiwa mstari katika /etc/fstab, ili iipachike saraka hiyo na kuionyesha kana kwamba ni yake. Ndiyo maana mwanafunzi aweza kuanza insha leo kwenye kompyuta ya dirishani, akaimaliza kesho kwenye ile ya mlangoni.

Sasa, katika mstari huo wa /etc/fstab ndimo limo neno tunalogombania: "hard" au "soft". Ikiandikwa "hard", kompyuta ikikosa jibu la seva huuliza tena na tena bila kuchoka. Seva ikirudi, kazi iliyokuwa ikingoja huandikwa yote, tukaendelea. Ikiandikwa "soft", kompyuta huuliza mara chache, kisha hukata tamaa na kuiambia programu kwamba pana kosa.

Mtu atasema, si vizuri kuambiwa? Naam, kama programu ingesikiliza. Lakini programu nyingine hazijali kosa hilo. Basi nusu ya kazi huandikwa na nusu hupotea, na mwenyewe huenda zake akidhani yote ipo. Hata kitabu cha maelezo cha Linux chaonya kwamba "soft" huweza kuharibu faili kimya kimya. Mimi naona kukwama ni taabu ya saa moja, lakini kazi iliyoharibika bila habari ni taabu ya muhula mzima. Kwa vitabu vya kusoma tu, ambavyo hakuna aviandikaye, sina ugomvi na "soft". Kwa kazi za wanafunzi, nasema hapana.

Shauri hilo hilo nalitoa kwa upande wa seva. Katika /etc/exports yaweza kuandikwa "async", na seva itaonekana kuwa nyepesi, kwa kuwa hujibu "tayari" kabla haijaandika kitu katika diski. Umeme ukikatika wakati huo, ile "tayari" yake imekuwa uongo. Na iandikwe "sync", ijapokuwa ni polepole zaidi.

Lakini kungoja kuna masharti yake. Kompyuta iliyokwama ikizimwa kwa kuchomoa waya, yale yaliyokuwa yakingoja katika kumbukumbu yake hupotea. Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache tabia ya kuchomoa waya kwa hasira. Tumwite mwangalizi, tungoje seva irudi.

Wala sisemi tukae na taabu hii milele. Dawa yake si kuifundisha kompyuta kukata tamaa upesi, bali ni kuifanya seva isizimike ovyo. Kama iko fedha kidogo, na inunuliwe betri ya kuishikilia seva umeme unapokatika, na diski ya pili ya kuwekea nakala za kazi zetu kila jioni, maana hata "hard" haiwezi kurudisha diski iliyokufa. Na ule waya unaolegea ufungwe vizuri. Hilo halina gharama.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye hoja iliyo bora na aitoe katika toleo lijalo, tupate kuipima.

Mwanafunzi, Kidato cha IV