Kilio Hakikodishwi

Wahenga walisema, "Kilio huanza mfiwa, na wa mbali wakaingia." Maneno haya ni machache, lakini yana sheria nzima ndani yake. Yamtaka mwenye msiba afungue kinywa kwanza. Kisha jirani amfuate, na mgeni amfuate jirani. Ukiugeuza utaratibu huo, ukamtanguliza mgeni na kumnyamazisha mfiwa, hukufanya kilio, umefanya kelele. Leo nashika kalamu kuushitaki mtindo mmoja ulioupindua utaratibu huo katika Migori na Homa Bay. Na kabla sijaanza nakiri mbele yako, ewe msomaji kijana, kwamba mshitaki mwenyewe ana hatia.

Mtindo huo waitwa disko matanga. Kama umezaliwa Rongo au Oyugis, Muhuru au Mbita, huna haja ya kuelezwa. Lakini kwa ajili ya yule asomaye kitabu hiki mbali na Ziwa Victoria, nitaueleza. Mtu hufa. Usiku wa kuamkia mazishi, na pengine siku kadhaa kabla yake, huletwa jenereta, vipaza sauti vikubwa, na kijana mmoja mwenye maikrofoni mkononi. Nyimbo za Lagos, za Kinshasa na za Nairobi huchezwa mpaka alfajiri. Watu hushindanishwa kutoa fedha: huyu alipe ili fulani acheze, yule alipe zaidi ili fulani aketi. Watoto wa shule hutoroka vitandani kuufuata mlio. Maiti amelazwa ndani, na jina lake halitajwi ila pale fedha zinapopungua.

Sisemi kwamba wazee wetu walilia kimya. La! Matanga ya Wajaluo hayajapata kuwa kimya. Alipofariki mwanamume mzima, ng'ombe waliswagwa mbio, watu wakishika mikuki na matawi, ngoma zikilia, ili mauti yafukuzwe kutoka mjini mwake. Desturi hiyo huitwa tero buru. Kisha alikuja mpigaji wa nyatiti. Aliketi juu ya kigoda kifupi, ala yake ya nyuzi nane mbele yake, njuga mguuni, na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, ambayo aliigonga juu ya ala ili kutunza mwendo wa wimbo. Jirani zetu Wakuria, ambao nao ni wenyeji wa Migori, wana iritungu, ndugu mkubwa wa nyatiti, mwenye sauti nzito zaidi.

Wala mpigaji huyo hakuimba bure. Wasikilizaji walimkatiza kwa pakruok, yaani kujisifu wenyewe na kuwasifu rafiki zao, na kila aliyejisifu alitoa chochote. Basi tofauti ya zamani na sasa haiko katika fedha, wala haiko katika kelele. Tofauti ni hii: mpigaji hakuweza kumwimba mtu asiyemjua, kwa hiyo alilazimika kuuliza. Marehemu ni mwana wa nani? Mama yake alitoka ukoo gani? Alikuwa mtu wa namna gani? Amemwacha nani? Aliyeulizwa ni mfiwa, na kujibu ndiko kulikokuwa mwanzo wa kulia kwake. Mashine haiulizi.

Usidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Mwaka 1955 J. H. Kwabena Nketia, mwanachuoni wa Ghana, alichapisha kitabu juu ya nyimbo za maombolezo za Waakan, na humo twaona akina mama wakimtaja marehemu, wahenga wake na mahali alikotoka. Watu wawili wasiopata kuonana, mmoja kando ya ziwa na mwingine karibu na Bahari ya Atlantiki, wote walifikiri kwamba mfu hupewa kwanza jina lake.

Sasa sikiliza hatia yangu. Baba yangu alikuwa mpigaji wa orutu huko Ndhiwa. Orutu ni zeze la uzi mmoja. Kifua chake ni mzinga mdogo wa mti uliowambwa ngozi ya kenge, na uta wake ni wa nyuzi za katani. Baba hakuwa mtu wa maneno. Sikumbuki hata siku moja aliponiambia kuwa ananipenda. Lakini jioni, akitoka shambani, aliketi mlangoni akapiga zeze lake, na katika wimbo alituingiza sisi wanawe mmoja mmoja, tangu mkubwa hata mdogo. Aliyemkosea siku hiyo alirukwa. Hivyo ndivyo tulivyojua hali ya moyo wake juu yetu, na usiku niliokosa kulisikia jina langu sikupata usingizi.

Alifariki mwaka 2009, nami nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Ukoo ulikutana kupanga matanga. Baba yangu mdogo alitaka aitwe mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto Kuja, ambaye alikuwa akipiga orutu pamoja na marehemu. Binamu zangu walitaka disko. Kwa kuwa mimi nilikuwa msomi wa nyumba, niliulizwa neno la mwisho. Nikawafikiri wenzangu wa chuoni watakaokuja kunifariji, nikaona haya wakute zeze la ngozi ya kenge. Nikasema, "Iletwe mashine."

Usiku ule nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita dani, mama wa marehemu, alisimama kando ya jeneza akaanza kumlilia mwanawe kwa wimbo. Niliiona midomo yake ikienda. Sikusikia neno hata moja. Jenereta ilikuwa nyuma ya nyumba, na vipaza sauti vimeelekea mlangoni. Dani aliimba, akaimba, kisha akaketi chini. Hakurudia tena. Maneno aliyosema mama juu ya mwanawe, mimi mwana wa mwana siyajui mpaka leo, na sitayajua, kwa kuwa yeye naye amekwisha kufa.

Waweza kuniambia kwamba huzuni ni jambo la moyoni, na moyo hauzuiwi na jenereta. Nami nilidhani hivyo. Lakini miaka mingi baada ya mazishi yale hakuna mtu nyumbani kwetu aliyemtaja baba. Mama aliitoa orutu ukutani akaiweka chini ya kitanda. Ndugu yangu mdogo akawa mkali pasipo sababu. Mimi niliweza kufundisha hesabu na jiografia, lakini nikisikia zeze likilia sokoni Migori, miguu yangu ilinipeleka upande mwingine. Huzuni isiyopewa sauti haiondoki. Huketi nyumbani kama mgeni asiyesalimiwa, na kila mtu humzunguka akijifanya hamwoni.

Watetezi wa disko matanga wana hoja tatu, na haki yataka zijibiwe.

Kwanza husema, "Kifo cha wengi harusi." Naikubali methali, lakini naikataa tafsiri. Msiba wa wengi huwa mwepesi kwa sababu wengi wameubeba. Kijana aliyevuka vijiji vitatu kufuata ngoma, asiyejua kama aliyelala ndani ni mzee au mtoto, amebeba nini? Hata harusini, mtu huuliza bibi arusi ni nani.

Pili husema kwamba disko huleta fedha za jeneza, za chakula na za kulipia chumba cha maiti. Shida hiyo ni ya kweli, na asiyeijua hajapata kufiwa. Lakini wa kwanza kulipwa katika fedha hizo ni mwenye mashine na muuza mafuta. Mchango utolewao mchana, mbele ya wazee, huandikwa daftarini, na mfiwa huweza kumshukuru kila mtu kwa jina lake. Fedha zilizotupwa gizani nani atazihesabu?

Tatu husema kwamba watu kama mimi wanapinga maendeleo. Hoja hii ni dhaifu kuliko zote. D. O. Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, Tanzania, karibu na mpaka wa Migori. Alishika gitaa la umeme, naye akawa miongoni mwa waliotukuza benga mpaka alipofariki mwaka 2006. Lakini sikiliza vidole vyake, utasikia nyatiti ikitembea ndani ya nyaya zile. Tena mkumbuke Princess Jully wa Migori. Mumewe, Prince Jully, alipofariki mwaka 1997, hakuiacha bendi ya mumewe ife. Aliishika, akasimama mbele ya watu, akaimba Dunia Mbaya kuwaonya juu ya ukimwi, katika nchi ambayo ugonjwa huo umeipiga kuliko sehemu nyingi za Kenya. Alitumia gitaa, ngoma na vipaza sauti, lakini aliyeimba alikuwa mfiwa, na alijua analolisema. Kwa hiyo sina ugomvi na umeme. Ugomvi wangu ni na wimbo usiomjua marehemu.

Nina neno pia kwa upande wa pili. Watawala wamepiga disko matanga marufuku mara kwa mara, kwa sababu ya wasichana wanaopata mimba na vijana wanaopigana usiku. Sababu hizo ni njema, na amri yao naiunga mkono. Lakini amri ya kuzima mashine si amri ya kufungua vinywa. Wako na wahubiri ambao, wakiisha kuifukuza mashine, huifukuza na nyatiti, wakisema kwamba ni ya kishenzi, au kwamba ni ya walevi. Nyumba iliyonyamazishwa kwa kelele na nyumba iliyonyamazishwa kwa makatazo, zote mbili zimenyamazishwa.

Nasi walimu tusijitoe lawamani. Kwa miaka mingi muziki haukuwamo katika masomo yaliyotahiniwa mwishoni mwa darasa la nane, katika mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Basi saa ya muziki, ijapokuwa imeandikwa katika ratiba, ililiwa na hesabu, na mlaji mmojawapo nilikuwa mimi. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na watoto wetu huenda huko wamevaa ngozi na shanga, wakaimba maombolezo kwa ufasaha, wakarudi na vikombe. Ni jambo zuri. Lakini nimemwona mtoto aliyepata tuzo kwa wimbo wa msiba wa kuigiza, akasimama bubu katika msiba wa mama yake mzazi, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba wimbo ule ni mali yake. Mtaala wa umilisi, uliotandazwa shuleni tangu mwaka 2019, umeipa sanaa kiti. Kazi yetu sasa ni kuona kwamba kiti hicho kinaketiwa.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali iliamuru mazishi yafanywe upesi na yahudhuriwe na watu wachache wa jamaa. Mwaka huo ndipo dani alipofariki. Hapakuwa na mashine, wala umati, wala karamu. Tulisimama wachache kaburini, tukiogopana hata kushikana mikono. Ndipo shangazi yangu alipoanza kuimba. Alimtaja dani na baba yake dani. Akataja kijiji alikotoka alipokuja kuolewa. Akawataja watoto wake. Alipofika kwa baba yangu alimwita mpigaji wa orutu, mtu wa maneno machache, aliyesahau kumaliza zizi lake. Ndugu yangu, yule mkali, akalia mara ya kwanza tangu mwaka 2009. Nami nikalia naye. Usiku ule mama alivuta orutu kutoka chini ya kitanda, akapangusa vumbi, akaitundika ukutani bila kusema neno.

Sitaki udanganyike kwamba yote yalipona usiku mmoja. Ngozi ya zeze lile ilikuwa imepasuka, na mpaka leo nalipiga vibaya. Mzee wa ng'ambo ya Kuja, ambaye angenifundisha, alikuwa amekwisha kufa. Hasara nyingine hazilipwi, huhesabiwa tu, ili wengine wasizirudie.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, sikuagizi ukavunje vipaza sauti vya mtu. Nakuagiza jambo dogo na gumu kuliko hilo. Likizo ijayo, keti na nyanya yako au babu yako, umwombe akuimbie wimbo mmoja aliolilia mtu wake. Uliza maana ya kila jina lililomo. Uandike, kisha uuimbe mpaka akuambie kwamba umeupata. Ukiwa Mjaluo, Mkuria, Msuba au Mswahili wa pwani, agizo ni hilo hilo, maana hakuna kabila lisilofiwa.

Fanya hivyo mapema, kwa sababu wewe nawe ni msomi wa nyumba yenu. Siku moja ukoo utakutana, jeneza likiwa ndani, na mtu mzima kuliko wewe atakugeukia akuulize neno la mwisho. Mimi niliulizwa, nikajibu kwa haya. Wewe waambie wazime mashine, kisha umshike mkono mama wa marehemu, umwache aanze.