Magavana, Presha Inatuua Mkitazama

Wawili katika mia! Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba takriban robo ya Wakenya watu wazima wana shinikizo la juu la damu. Katika kila wagonjwa 100 wa presha, waliojijua kuwa nayo walikuwa kama 16. Waliokuwa wakimeza dawa, wanne. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa, wawili tu. Shule ikipitisha watoto wawili katika mia, wazazi huvunja lango. Kwa presha, tumenyamaza.

Tena tunamgeuzia kibao mgonjwa: anapenda chumvi, hatembei, ameacha dawa. Chumvi ipunguzwe, ndiyo. Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Lakini presha haiumi. Mtu hukaa nayo miaka na mikaka akilima na kubeba mizigo, huku mishipa ikikakamaa na moyo ukielemewa, mpaka siku anapopooza upande mmoja. Asipopimwa atajuaje? Utafiti huohuo ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Ingia zahanati asubuhi. Bibi wa miaka 55 amemleta mjukuu mwenye homa. Mtoto anapimwa joto, anapimwa uzito, anadungwa kidole kutafutwa malaria. Vyema. Bibi naye yuko papo hapo kwenye benchi, na hakuna anayemfunga mkono mashine ya presha. Mashine imo kwenye droo, betri zimekwisha. Na akibahatika kupimwa akakutwa na 170 kwa 100, huambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Ananunua vidonge kumi, vinakwisha, anajiona mzima, anaacha. Huyo ndiye mnayemwita mkaidi?

Msituambie haiwezekani. Kwa Ukimwi iliwezekana, katika zahanati hizihizi: kupimwa bure, dawa bure, mgonjwa aliyetulia akapewa za miezi mitatu, asiyerudi akafuatwa hadi kwake. Na vidonge vya presha kama amlodipini si vya ajabu. Ni vya zamani, ni vya bei nafuu, vinatengenezwa na viwanda vingi.

Tangu 2013 zahanati ziko mikononi mwa kaunti. Basi tunadai mambo matatu. Kila mtu mzima anayekanyaga zahanati, hata kama amesindikiza mgonjwa, apimwe presha kabla ya kutoka. Dawa zisikosekane kabatini, na zitolewe za miezi mitatu. Na kila gavana atangaze kila mwaka ni wagonjwa wangapi katika kaunti yake presha yao imeshuka. Atakayeshindwa kutaja hesabu hiyo asije kutuomba kura.